Mwongozo wa Kununua Pikapu ya Mkononi kwa Aliyekwisha Kuyapenda Matairi

Ugonjwa huu una dalili zake. Mtu anaingia yadi ya magari kutafuta pikapu ya kuvutia tela la mahindi. Kichwani ana hesabu safi: shamba liko Mufindi, soko liko Dar es Salaam, na katikati kuna mteremko wa Kitonga. Kisha macho yanaangukia Hilux nyeusi iliyonyanyuliwa, matairi yenye meno ya kutisha, rimu pana zimetokeza nje ya bodi. Mahindi yanasahaulika hapo hapo. Anaizunguka, anapapasa meno ya tairi, anapiga picha na kumtumia shemeji yake. Dalali aliyeketi kivulini ameona yote. Bei imeshapanda kwa milioni mbili na hakuna aliyefungua mdomo.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo, na nimeuandika kwa upendo. Sitamwambia ayachukie matairi makubwa. Masika yakichachamaa kwenye udongo mweusi wa mbuga, tairi refu lenye meno ndilo linalomrudisha mtu nyumbani. Ninachomwomba ni mpangilio tu: mzigo uwe wa kwanza, breki za pili, chesisi na gia za tatu, matairi ya mwisho. Anayeanza na matairi huishia kununua pikapu nzuri sana ya kuegesha.

Hatua ya kwanza: Upime mzigo kabla ya kuyapima mapenzi

Muulize mnunuzi wa pikapu anavuta nini, atakujibu "vitu vya kawaida." Vitu vya kawaida havina kilo, na barabara inataka kilo. Kaa chini na kalamu.

Tuseme unabeba gunia 15 za mahindi za kilo 100. Hizo ni kilo 1,500. Ila kama unaishi Tanzania hii tunayoijua, kuna lumbesa: gunia limeshonewa kofia juu, na kila moja limezidi mia kwa kiasi ambacho hakuna anayetaka kukitaja. Pima gunia moja kwa mizani, zidisha. Tela lenyewe la chuma nalo lina uzito. La kilo 600 ni la kawaida. Umefika kilo 2,100 hata kabla lumbesa haijatoa ushuhuda wake. Kama unavuta tangi la maji la lita 1,000, hiyo ni tani moja kamili, tena tani inayotembea: ukikanyaga breki, maji yanakusukuma kutoka nyuma.

Sehemu ya uzito wa tela hukaa mgongoni mwa gari, pale kwenye kulabu. Kipimo kinachotumika sana ni kama asilimia 10 ya uzito wa tela lililopakiwa. Kwa tela la kilo 2,100, kilo 210 ziko juu ya kulabu, nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo hizo zinahesabiwa pamoja na abiria, mizigo ya nyuma, bampa la chuma na ngome ya mabomba uliyochomelea ili pikapu ionekane imetoka vitani.

Sasa tafuta namba tatu za gari. Ya kwanza ni uzito wa tela lisilo na breki zake. Kwa pikapu nyingi za kisasa ni kilo 750. Ya pili ni uzito wa tela lenye breki. Land Cruiser 79 inafika kilo 3,500, na Hilux za karibuni za 2.8 zenye magurudumu manne yanayovuta nazo zinafika huko. Ya tatu ndiyo ambayo dalali hajawahi kuitaja: uzito wa pamoja wa gari, watu, mizigo na tela. Tuseme uzito huo umewekewa kikomo cha kilo 5,500. Gari tupu lina kilo 2,000, watu na mizigo kilo 500. Zimebaki 3,000 za tela, hata kama tangazo linapiga kelele 3,500. Namba hizi ziko kwenye kitabu cha gari na kwenye vibao vyake. Kitabu kikipotea, mtengenezaji anazo.

Angalia tena hiyo 750. Gunia 15 kwenye tela lisilo na breki ni karibu mara tatu ya kikomo hicho. Ukiondoka yadini na jambo moja tu kutoka kwenye mwongozo huu, liwe hili: tela la zaidi ya kilo 750 linahitaji breki zake lenyewe.

Hatua ya pili: Jifunze lugha ya yadi

Dalali ana lugha yake, na lugha hiyo ina uzuri wake. "Kuwasha na kuondoka" maana yake betri ni nzima. "Injini haijaguswa" inaweza kuwa sifa au maungamo. "AC inauma" ni kweli mara nyingi, na haivuti tela. "Ni namba D hii, bosi wangu" inakueleza lini gari lilisajiliwa Tanzania. Halikuelezi lilizaliwa lini wala lilifanya nini kabla ya kuvuka bahari. "Ilikuwa ya mradi" ndiyo kauli ya kuichunguza zaidi, kwa sababu gari la mradi huenda lilifanyiwa matengenezo kwa ratiba, na huenda pia lilivuta jenereta kwenye vumbi kwa miaka kumi.

Kisha itakuja kauli kuu: "Hii imetoka Japani moja kwa moja, mkuu." Ikiwa anakuonyesha Hilux ya umbo la Vigo, msikilize kwa adabu, kisha fungua boneti usome namba ya chesisi. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017. Vigo ni ya miaka hiyo hiyo ya katikati. Namba ya chesisi ikianza na MR0, gari limeundwa Thailand. Ikianza na AHT, limeundwa Afrika Kusini. Herufi JT ndizo za Japani. Thailand wanaunda Hilux nzuri sana, kwa hiyo hakuna aibu yoyote hapo. Faida ya kusoma namba ni kwamba sasa unajua pa kuanzia maswali, na dalali anajua kuwa unajua kusoma.

Kama pikapu imetoka Uingereza, ambako nako usukani uko kulia, uliza namba yake ya kule. Uingereza huyakagua magari kila mwaka baada ya kutimiza umri fulani, na kilomita au maili zilizosomwa siku ya ukaguzi huwekwa kwenye tovuti ya serikali bila malipo. Ukiipata namba, unaweza kuiona historia ya gari kabla hujaliona gari. Huko pia humwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, na chumvi hiyo hula chesisi kimya kimya. Tutalala chini ya gari baadaye kidogo, vaa shati usilolipenda.

Isuzu D-Max ni jina jingine la kuliheshimu; Wakenya wanaiunda Nairobi, vipuri na mafundi wake wako kote ukanda huu. Jina lolote utakalochagua, jiulize swali la kijijini: kikivunjika kitu Mafinga jioni ya Jumamosi, kipuri kitatoka wapi? Gari ambalo kipuri chake kinapatikana Gerezani, Dar es Salaam, au Nairobi linashinda gari ambalo kipuri chake kinapatikana kwa barua pepe.

Hatua ya tatu: Lifanyie tairi hesabu ya darasa la saba

Hapa ndipo mapenzi na tela vinapogombana, na ugomvi wao ni wa hesabu tupu.

Tairi la kiwandani la pikapu nyingi huandikwa 265/65R17. Maana yake: upana milimita 265, ukuta wa pembeni asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 17. Ukipiga hesabu, kimo chake ni kama milimita 776. Tairi linalopendwa na wapenzi, 285/70R17, lina kimo cha kama milimita 831. Tofauti ni karibu asilimia 7. Kwa macho ni kidogo tu, na ndiyo maana macho yanadanganywa.

Asilimia 7 hiyo inafanya kazi tatu bila kukuomba ruhusa. Kwanza, inapunguza nguvu ya kuvuta. Injini inazungusha ekseli kwa nguvu ile ile, lakini tairi refu limeiweka barabara mbali zaidi na ekseli, kwa hiyo nguvu inayofika kwenye lami inapungua kwa karibu asilimia 7. Gea ya tano uliyokuwa ukiitumia na tela sasa inakuwa pambo, unashuka hadi ya nne. Pili, inaifanya mita ya mwendo iseme uongo. Kama mita yako ilikuwa sahihi, ikionyesha 50 wewe uko 53 na kitu. Katika kijiji chenye kibao cha 50, hicho kitu ndicho kinachokupigisha tochi, na askari hana kisanduku cha kuandikia kimo cha matairi yako. Ana cha shilingi 30,000. Tatu, inapunguza kilomita zinazohesabiwa. Pikapu iliyotembea na matairi hayo tangu mwanzo na kuonyesha kilomita 200,000 imetembea kama 214,000. Hakuna aliyerudisha mita nyuma. Matairi yenyewe yamefanya kazi hiyo mchana kweupe.

Dawa ipo, nayo iko kwenye difu. Difu yenye meno 43 kwa 11 ina uwiano wa 3.9. Kurudisha nguvu iliyoliwa na asilimia 7 unahitaji uwiano wa karibu 4.18, kwa hiyo meno 41 kwa 10, yaani 4.1, yanakaribia sana, na 43 kwa 10, yaani 4.3, yanazidi kidogo na kumpendeza anayevuta mizigo milimani. Muulize muuzaji: matairi yalipobadilishwa, difu ilibadilishwa? Akisema ndiyo, uliza ya nyuma tu, au zote mbili? Kwenye pikapu ya magurudumu manne yanayovuta, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Zikitofautiana, siku utakapoiingiza gea ya matope kwenye ardhi ngumu, ekseli mbili zitavutana hadi kitu kivunjike, na kinachovunjika huwa cha bei. Ndiyo maana pikapu yenye matairi ya kiwandani na difu isiyoguswa mara nyingi ni ununuzi mzuri kuliko ile iliyopambwa nusu.

Hatua ya nne: Lala chini ya gari

Sasa lile shati. Tandika boksi, lala, washa tochi ya simu. Muuzaji atasema "hakuna haja, mzee, chini ni safi." Mshukuru, endelea kulala.

Kabla hujalala, simama ubavuni na utazame mwanya kati ya kibanda cha abiria na bodi ya nyuma. Uwe sawa juu na chini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, chesisi imepinda: mtu alipakia kupita kiasi nyuma ya ekseli, na gari limeinamisha mkia. Pikapu za milango minne zina hatari zaidi, kwa sababu bodi zake zimesogea nyuma. Ukiona mwanya huo, sema asante, nenda nyumbani.

Chini ya gari, fuata chesisi kwa mkono kutoka mbele hadi nyuma. Tafuta ufa karibu na vishikizo vya springi na pale kulabu ilipofungwa. Tafuta uchomeleaji ambao hauko upande wa pili. Rangi mpya nyeusi iliyopulizwa chini ya gari la miaka 12 inastahili maswali. Gonga kwa bisibisi, chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hupoteza sauti. Hesabu majani ya springi kushoto na kulia, yawe sawa. Jani lililoongezwa linakuambia gari lilibeba mzigo mzito, nalo halikuongeza hata kilo moja kwenye uzito ulioruhusiwa. Springi huinua mkia, breki na ekseli zinabaki zile zile.

Angalia mafuta kwenye difu, kwenye giaboksi na mwishoni mwa injini. Unyevu wenye vumbi ni wa kuzungumzia bei. Matone ni ya kuzungumzia gari jingine.

Kulabu yenyewe ina mengi ya kusema. Iliyochakaa kwa kung'aa imefanya kazi. Iliyofungwa kwenye bampa tupu, bila kushikwa na chesisi, ni mapambo yenye hatari ya kuua, kwa sababu siku moja tela litaondoka na bampa na kuelekea linakotaka.

Hatua ya tano: Injini isiyo na maneno mengi

Fika asubuhi, na mwambie muuzaji mapema kuwa unataka kuikuta injini ya baridi. Ukiikuta ya moto, huenda kuna kitu kimefichwa na moto huo. Omba kurudi kesho.

Iwashe na usimame nyuma. Moshi mweusi wa muda mfupi kwenye dizeli ya zamani unavumilika. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto ni wa kupeleka kwa fundi kabla ya kutaja bei. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma polepole: moshi ukitoka kwa nguvu na mapigo, ringi zimechoka. Chungulia rejeta kabla injini haijapata moto. Maji yenye mafuta juu yake yanatosha kukufunga mdomo na pochi.

Sasa uchaguzi. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ ina lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na pampu yake ya dizeli haijui kompyuta. Ni ya polepole na inavumilia mafundi wa aina zote. Lakini injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda juu. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500, na Mufindi juu zaidi. Ukiifunga matairi makubwa bila kugusa difu, unaitoza injini kodi mara mbili.

Hilux ya lita 3.0 yenye injini ya 1KD ina turbo na nguvu ya kutosha, ila nozeli zake zina ugonjwa unaojulikana: washa za shaba zinapovuja, gesi chafu huingia kwenye oili, masizi hujaa, na chujio la pampu ya oili huziba. Uliza washa zilibadilishwa lini, omba risiti. Hilux za 2015 hadi 2020 zenye injini ya 1GD ya lita 2.8 zina nguvu ya kuzungusha ya Nm 420 kwa giaboksi ya mkono na 450 kwa ya kujiendesha, dhidi ya takriban 285 za 1HZ. Kwa tela na matairi makubwa, tofauti hiyo unaihisi kila kilima. Gharama yake ni vifaa vya elektroniki vinavyotaka dizeli safi na fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu.

Kwa klachi, simama sehemu tambarare isiyo na watu mbele, vuta handibreki, ingiza gea ya tatu, achia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Kwa giaboksi ya kujiendesha, vuta kijiti cha kupimia, kama kipo, unuse oili: nyekundu na safi ni njema; nyeusi yenye harufu ya kuungua inaeleza kuwa mtu alivuta mzigo mzito na joto likashinda. Giaboksi hiyo ikivuta tela inahitaji kipoza oili cha ziada, na kwenye vilima usiiachie ijichagulie gea ya juu kabisa.

Hatua ya sita: Nunua breki, nguvu ni ya kuongezea

Matangazo yote yanahesabu nguvu ya kuvuta. Mimi naomba uhesabu nguvu ya kusimama, kwa sababu wanaokutegemea usimame hawako ndani ya gari lako. Shuka Kitonga ukitokea Iringa: upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, mbele yako lori lililokwama, na chini kabisa Ruaha Mbuyuni, ambako watu wamepanga vitunguu pembezoni mwa barabara. Tela la tani mbili lisilo na breki linawafikia watu hao kabla yako.

Tairi refu linaipunguzia breki nguvu kwa hesabu ile ile iliyoipunguzia injini. Kwa kuwa pia ni zito zaidi, breki inalazimika kusimamisha gurudumu zito linalozunguka. Injini nayo, unapoitumia kukushikilia mteremkoni, inashika kidogo kuliko zamani. Hasara tatu kwenye mteremko mmoja.

Kwa hiyo, vua gurudumu na utazame. Diski ziwe na unene, zisiwe na mistari ya kuungua wala rangi ya bluu. Breki za ngoma za nyuma zifunguliwe, usikubali kuambiwa tu. Kwenye majaribio, kimbiza hadi 60 barabara ikiwa tupu, kanyaga kwa nguvu: gari lisivute upande. Rudia mara kadhaa. Pedali ikianza kulainika na kuzama, umeonyeshwa Kitonga kwa bei nafuu. Na mteremkoni, shuka kwa gea uliyopandia au ya chini yake, kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha achia zipoe. Anayekaa na mguu juu ya pedali mlima mzima anazipika.

Hatua ya saba: Sasa unaruhusiwa kulitazama tairi

Umevumilia sana. Chuchumaa, usome.

Baada ya ukubwa kuna namba na herufi, mfano 112S. Namba hiyo ni uzito ambao tairi moja linabeba: 112 ni kilo 1,120, na 121 ni kilo 1,450. Herufi ni mwendo wa juu. Anayevuta tela asishuke chini ya namba ya kiwandani hata kama tairi jipya ni refu na la kutisha. Matairi yaliyoandikwa LT yametengenezwa kwa magari ya mizigo; yana kuta ngumu na yanataka upepo mwingi zaidi, kwa hiyo kibao cha mlangoni, kilichoandikwa kwa ajili ya matairi ya kiwandani, hakiyatoshi. Tairi laini lenye upepo mdogo chini ya mzigo huchemka kwa ndani, na linapopasuka halichagui mahali.

Tafuta pia neno DOT na tarakimu nne za mwisho. 1417 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2017. Tairi lenye meno marefu na umri wa miaka tisa ni zee lililonyoa ndevu; mpira umekauka hata kama meno yamejaa. Likipita miaka kumi, liondoe bila huruma. Angalia spea, iwe ya ukubwa ule ule. Pikapu nyingi zina manne makubwa ya kuonwa na la tano dogo la kufichwa.

Kisha kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, mtu mwingine akitazama. Tairi likigusa bodi au chesisi bila mzigo, likiwa na mzigo litasugua. Chungulia ndani ya bawa: plastiki iliyokatwa kwa kisu na chuma kilichogongwa kwa nyundo ni historia ya mtu aliyelazimisha. Rimu zilizotokezwa nje kwa vipande vya kati hubebesha beringi mzigo zisizoujua, kwa hiyo nyanyua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, peleka bei chini au urudi nyumbani.

Hatua ya nane: Jaribio bila tela ni maonyesho

Omba kulijaribu na tela. Muuzaji akikataa, kodi la jirani kwa saa moja.

Gari lililonyanyuliwa linanyanyua na kulabu. Tairi la 285/70R17 peke yake linaongeza kama milimita 27, na springi za kunyanyulia huongeza nyingine 50 au zaidi. Tela linainua pua, mzigo unalalia nyuma, uzito kwenye kulabu unapungua, na ukifika mwendo wa 80 tela linaanza kuchezesha mkia. Dawa ni kulabu iliyoshushwa mpaka mkono wa tela ulale sawa na ardhi, na mzigo upangwe zaidi ya nusu mbele ya ekseli ya tela. Likianza kuyumba, usikanyage breki za gari na usikate usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, liache litulie. Kama tela lina breki zinazoendeshwa kutoka kibandani, zitumie hizo peke yake, taratibu.

Mwisho kabisa, karatasi. Kadi ya gari isomwe pamoja na namba ya chesisi na ya injini, herufi kwa herufi. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, kwa hiyo angalia deni kwenye mfumo wa polisi kabla hujalipa. Rangi na ukubwa wa injini vifanane na vilivyoandikwa. Umiliki ubadilishwe TRA wiki hiyo hiyo. Ukichelewa, gari linakuwa lako barabarani na la mwingine kwenye sheria.

Ukipita hatua zote nane na bado una fedha, funga matairi makubwa, ukubwa mmoja juu ya ule wa kiwandani, na difu za kuyafaa, mbele na nyuma. Kama fedha zimekwisha, funga matairi mapya ya ukubwa wa kiwandani yenye namba sahihi ya uzito, kisha hela inayofuata iende kwenye breki za tela. Pikapu ya namna hiyo haitasimamisha watu yadini. Itasimama Kitonga, na kazi ya pikapu inayovuta tela ndiyo hiyo.